Diski ya Nakala za Harusi: Funga Kwanza, Jaza Baadaye

Mimi hupiga picha na video za harusi upande wa wanawake, hapa Mombasa: siku ya hina, kupamba, na yale ya ndani ambayo mwanamume hakanyagi. Aliyewahi kuhudhuria kupamba anajua mambo yanavyokuwa. Mlangoni buibui zinavuliwa, simu zinakusanywa au kamera zake zinazibwa kwa kibandiko, na kuanzia hapo kila mwanamke anakaa anavyopenda: nywele wazi, hina imepanda hadi viwikoni, gauni limeshonwa kwa ajili ya macho ya wanawake wenzake. Ukumbi mzima una kamera mbili tu, na zote ni zangu. Nikitoka pale usiku, yote yaliyoonekana mle ndani nimeyabeba mimi begani.

Basi wapiga picha wenzangu wanapozungumzia bakapu kuwa ni kinga ya kupoteza kazi, wakaishia hapo, mimi huona nusu ya jambo haijasemwa. Nakala rudufu ni lazima, hilo halina ubishi. Kadi ya memori hufa, laptopu huanguka, na mwizi haulizi kama kazi imeshakabidhiwa. Lakini kila nakala unayoongeza ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kuibwa, kusahaulika kwenye tuktuk, au kuishia mezani kwa fundi usiyemjua. Mama mmoja wa bi harusi aliwahi kunishika mkono nikiwa nakusanya vyombo vyangu, akaniambia, "Mwanangu, picha za binti yangu zisitoke." Nikamjibu, "Hazitoki, mama." Ahadi ile inafuata kila faili, popote nitakapolinakili. Kwa hiyo diski yangu ya nakala huifunga kwa usimbaji fiche, isisomeke bila ufunguo, kabla faili la kwanza halijaingia, na ndivyo ninavyomshauri kila anayefanya kazi ya aina hii.

Kwa nini diski yangu iwe kubwa, ya terabaiti 8? Kamera zangu hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Kupamba kwa saa nne, kamera mbili, ni gigabaiti 360 hata kabla ya kuhesabu picha za mnato. Terabaiti moja inajaa kwa harusi mbili na kitu. Wapo wanaoniambia nipandishe kila kitu kwenye wingu. Piga hesabu: terabaiti 8, kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika, ni siku 74 usiku na mchana. Na yule mama akiniuliza picha ziko wapi, nataka nimtajie kabati, na nyumba lilimo kabati hilo.

Sheria nayo imo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 akigundua zimevuja na kuna hatari ya mtu kudhurika. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hiyo ni picha ya mtu aliyekaa mahali pa hadhara. Sasa fikiria picha iliyopigwa nyuma ya mlango uliofungwa. Wenzetu wa Tanzania nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo anayevuka mpaka kwenda kupiga harusi Tanga au Unguja asidhani ameiacha hoja hii Lungalunga.

Tena uvujaji mkubwa hauhitaji mdukuzi. Januari 2008, Hong Kong, picha za faragha za mwigizaji mmoja maarufu na wanawake kadhaa zilisambaa dunia nzima. Zilitoka kwenye kompyuta aliyoipeleka kwa fundi. Fundi alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata, lakini picha hazikurudi zilikotoka, na walioumia zaidi ni wale wanawake.

Watu wengi huamini nenosiri la kuingilia kompyuta linatosha. Halitoshi. Nenosiri hilo linazuia mtu kuingia kupitia mlango wa Windows au wa mfumo wowote ulionao. Diski yenyewe ndani imeandikwa wazi. Ichomoe, ichomeke kwenye mashine nyingine, na kila kitu kinasomeka. Usimbaji fiche ni tofauti: data inaandikwa kwenye diski ikiwa tayari imevurugwa kwa ufunguo, na asiye na ufunguo haoni folda, haoni majina ya mafaili, haoni hata kama mna kitu. Kwa kawaida kinachotumika ni AES, kanuni iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa na Marekani kuwa kiwango rasmi mwaka 2001. Kwa zaidi ya miaka 20 imechunguzwa hadharani na wataalamu wa kila nchi, nayo bado imesimama. Mimi naiamini kuliko ile programu ndogo ya nenosiri inayokuja bure ndani ya diski kutoka kiwandani, ambayo hakuna aliyenionyesha inavyofanya kazi.

Wenye Windows toleo la Pro wanayo BitLocker tayari. Wenye Mac wanaweza kufomati diski kwa APFS iliyosimbwa. VeraCrypt ni ya bure na inakubali mifumo yote mitatu: Windows, Mac na Linux. Mimi natumia Linux, kwenye laptopu kuukuu ambayo haina kazi nyingine isipokuwa nakala. Haifunguliwi barua pepe wala haiendi mtandaoni ovyo. Kwa hiyo nitakayoyaeleza ni ya LUKS, mfumo wa usimbaji wa Linux, unaoendeshwa kwa programu iitwayo cryptsetup.

Kabla ya yote hayo, diski ichunguzwe. Madukani na mitandaoni zinauzwa diski ndogo za mfukoni zilizoandikwa "terabaiti 16" kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani mna chipu ndogo ya memori iliyofundishwa kudanganya: inakubali kila unachoandika, ikijaa inaanza kuandika juu ya ya zamani, na wewe unaona majina ya mafaili yote yapo. Programu ya f3 kwenye Linux, au H2testw kwenye Windows, inaandika diski nzima kisha inasoma kila kitu upya, na uongo unadhihirika. Kwa diski halali, mimi huanza na smartctl, programu inayoisoma afya ya diski. Inaonyesha saa ambazo diski imewahi kuwaka, na diski inayouzwa kuwa mpya ikiwa na saa elfu kadhaa, irudishe dukani siku hiyohiyo. Tazama pia mstari wa sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika na wa sekta zinazosubiri kuhamishwa. Yote miwili iwe sifuri. Kisha agiza jaribio refu, `smartctl -t long`, uiache ijisome yenyewe mwanzo hadi mwisho.

Jambo moja huwatia watu shaka bure. Diski iliyoandikwa terabaiti 8 itaonekana kwenye kompyuta ina 7.27 au 7.3. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu terabaiti kuwa baiti 1,000,000,000,000, kompyuta inagawa kwa 1,024 mara nne.

Sasa kufunga. Chomoa diski nyingine zote zinazochomoka, ibaki hii moja. Kwenye dirisha la amri, andika `lsblk` uone mashine inaiitaje, na uisome kwa ukubwa wake: ile ya 7.3T ndiyo yenyewe, tuseme ni sdb. Hapa ndipo pa kutulia. Amri zinazofuata zinafuta bila kuuliza ni harusi ya nani. Tengeneza jedwali la GPT, yaani ramani ya mgawanyo wa diski, kwa sababu lile la zamani la MBR halivuki terabaiti 2 na ushei, weka patisheni (fungu) moja inayochukua diski nzima, itakayoitwa sdb1, halafu:

`cryptsetup luksFormat /dev/sdb1`

Mashine inakuonya kwamba kila kilichomo kitapotea, inataka uandike YES kwa herufi kubwa, zote tatu. Ukiandika kwa herufi ndogo inakataa na kutoka. Napenda ukali huo. Kisha inaomba maneno ya siri mara mbili, na ukiandika, skrini haionyeshi hata nukta. Wengi hudhani kibodi imekwama, endelea kuandika.

Maneno ya siri yenyewe ndiyo kazi nzima, kwa sababu hakuna atakayehangaika kuvunja AES ikiwa anaweza kukisia ulichoandika. Sisi watu wa pwani tuna udhaifu wetu: tukiambiwa tuchague sentensi ndefu isiyosahaulika, mkono unakwenda kwenye methali au jina la kanga. Sentensi ni ndefu kweli, ina maneno matano, ina mahadhi. Na ipo kwenye kila kitabu cha methali na kila duka la Biashara Street, kwa hiyo anayekisia kwa kompyuta anaipitia kwa dakika chache, pamoja na jina la mtoto wako, tarehe ya nikahi yako na sura unayoipenda.

Njia ninayoifuata ni ya dadu, ambayo Arnold Reinhold aliitoa mwaka 1995 kwa jina la Diceware. Orodha yake ina maneno 7,776, na kila neno linachaguliwa kwa kurusha dadu mara tano. Orodha ya Kiingereza haikunifaa. Vidole vyangu havikumbuki maneno nisiyoyasema. Nikatengeneza yangu ya maneno 1,296 ya Kiswahili, mafupi, ya jikoni na sokoni, dadu nne kwa kila neno. Neno moja linabeba uzito mdogo kuliko la orodha kubwa, kwa hiyo natumia manane. Idadi ya michanganyiko ni 6 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 32, namba ya tarakimu 25. Yanatoka maneno kama "mkeka pilipili jirani ngalawa ukuta saba embe kofia", na hayo msiyatumie kwa kuwa nimeyaandika hapa. Ukiyarudia kwa sauti siku mbili tatu yanakaa. Dadu ndizo zichague. Ukianza kuondoa neno hili kwa sababu halipendezi na kuweka lile, umerudi kukisika.

LUKS ya sasa inaongeza ulinzi mwingine juu ya hapo. Maneno yako hayatumiki moja kwa moja kufungua data. Yanapitishwa kwanza kwenye Argon2id, kanuni ya kuchakata maneno ya siri, ya ukoo wa Argon2 iliyoshinda shindano la kimataifa la kanuni za aina hiyo mwaka 2015, ambayo kwa makusudi inakula memori nyingi na kuchukua kama sekunde mbili kwa kila jaribio. Wewe husikii uzito wa sekunde mbili. Anayetaka kujaribu mabilioni ya makisio anausikia. Na kasi ya kunakili haipungui: prosesa nyingi za miaka hii zina maelekezo ya AES ndani yake, na `cryptsetup benchmark` itakuonyesha zinasimba kwa zaidi ya gigabaiti moja kwa sekunde, wakati diski ya kuzunguka yenyewe haifiki megabaiti 300.

Ikishafunguka kwa `cryptsetup open /dev/sdb1 harusi`, kabla ya kuweka mfumo wa mafaili, mimi hujaza sifuri kwenye /dev/mapper/harusi yote, jina ambalo diski iliyofunguliwa inaonekana nalo. Zinapita kwenye usimbaji na kutua kwenye diski zikiwa fujo tupu, hivyo mtu akiichunguza hajui wapi pana harusi na wapi ni patupu. Faida ya pili ni kwamba kila sehemu ya diski imeguswa kabla haijabeba cha mtu. Kwa kasi ya megabaiti 180 kwa sekunde ni zaidi ya saa 12. Tazama kebo yako: ikichomekwa kwenye tundu la USB 2, linalotoa kama megabaiti 35, kazi hiyohiyo ni zaidi ya siku mbili na nusu.

Halafu naweka mfumo wa mafaili uitwao ext4, kwa `mkfs.ext4 -m 0`. Ile `-m 0` si pambo. Ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi wa mfumo, jambo la maana kwenye diski inayoendesha kompyuta, lakini kwenye terabaiti 8 za nakala ni gigabaiti 400. Hiyo kwangu ni kupamba moja nzima.

Sasa sehemu ninayowasihi watu wasiiruke. Mwanzo wa patisheni pana eneo dogo, megabaiti 16 tu, liitwalo heda. Ufunguo halisi wa data umo humo, umefungwa kwa maneno yako. Heda ikiharibika, maneno yako hata uyajue vipi hayafungui kitu, na terabaiti zote zimekwenda. Inatosha mtu achomeke diski kwenye Windows, aone ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa, abofye ndiyo. Kwa hiyo siku ya kwanza, `cryptsetup luksHeaderBackup` inatoa nakala ya heda, naiweka mbali na diski. Juu ya kasha nimebandika karatasi yenye herufi nene: USIFOMATI. Kuna jambo moja la kuangalia: nakala ya heda hubeba maneno ya siri yaliyokuwepo siku ilipotolewa. Ukimwondoa mtu baadaye lakini heda ya zamani ikabaki mahali, maneno yake bado yanafungua. Ukibadilisha maneno, toa heda mpya na uifute ile ya zamani.

Na kumwongeza mtu kunawezekana, kwa sababu LUKS2 ina nafasi za funguo hadi 32. Mimi nimetumia mbili. Ya kwanza yangu. Ya pili ni ya dada yangu, maneno mengine kabisa, yameandikwa kwa wino kwenye karatasi, ndani ya bahasha aliyoifungia pamoja na hati zake za nyumba. Nimefikiri sana juu ya hili. Nikifa leo, wapo maharusi ambao video yao nakala nzima iko kwangu tu, na sina haki ya kwenda nayo kaburini. Pia si kila mtu afae kuifungua. Nilimchagua mwanamke, wa ndani, anayejua kwa nini simu hukusanywa mlangoni. Maagizo yamo ndani ya bahasha: kila familia ipewe chake mkononi, kisha diski ifutwe.

Kunakili kwenyewe ni kwepesi. Natumia rsync, programu ya kunakili mafaili, na kila folda ya harusi ina orodha ya alama za SHA-256, kama alama ya kidole ya kila faili, ili miezi baadaye niweze kuthibitisha hakuna faili lililobadilika hata biti moja. Orodha isiyotumika haina maana, kwa hiyo nafungua video yenyewe pia, natazama katikati yake na mwisho wake. Kisha naiondoa kwenye mfumo kwa `umount`, naifunga kwa `cryptsetup close`, ndipo diski ichomolewe. Usimbaji haulindi kitu wakati diski iko wazi mezani. Virusi vinavyoingia kwenye kompyuta saa hiyo vinaona kila unachokiona wewe. Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya mia kwa wiki moja, na diski iliyokuwa kabatini haikuguswa.

Stima nayo. Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya volti 12, kwa hiyo betri ya laptopu haizisaidii stima inapopotea. Weka UPS, betri inayoshika stima ikikatika, hata ndogo. Na hewa yetu ya chumvi inakula vyuma. Kila mpiga picha wa pwani anajua ukungu unavyoota ndani ya lenzi, na wengi tunalo sanduku lisilopitisha hewa lenye chembe za silika za kunyonya unyevu. Diski yangu inalala humo, kando ya lenzi.

Diski moja haitoshi, iwe imefungwa vipi. Kanuni anayojulikana nayo mpiga picha Peter Krogh ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Ya nje kwangu iko Malindi, kwa shangazi, na hapa ndipo ninapoona thamani ya kufunga kwanza: naweza kuisafirisha kwenye basi, na ikipotea njiani nimepoteza fedha za diski. Shangazi mwenyewe hana haja ya kuilinda kwa hofu. Hajui maneno, na hataki kuyajua.

Imebaki kufuta. Sheria haipendi mtu kukaa na taarifa za wengine zaidi ya inavyohitajika, nami sioni kwa nini niwe na nywele za bi harusi wa watu baada ya miaka kumi. Mkataba wangu sasa una kipengele cha muda: miaka mitatu, kisha nampigia simu. Akitaka niendelee kuhifadhi, tunaandika upya. Asipotaka, folda inafutwa kwenye diski zote mbili, na diski ikizeeka namaliza kwa `cryptsetup luksErase`, inayofuta funguo zote ndani ya heda, pamoja na kuharibu nakala za heda nilizokuwa nazo. Baada ya hapo hata mimi siwezi kuifungua, na naweza kumpa fundi vyuma bila kuangalia nyuma.

Bei yangu imepanda kidogo kwa sababu ya diski mbili. Nimewaeleza wateja kinacholipiwa, na kwenye kikao cha kwanza mama wa bi harusi ndiye huuliza maswali mengi zaidi: nani ana ufunguo wa pili, diski ya nje iko kwa nani, itafutwa lini. Ninayajibu yote, na majibu yanaandikwa kwenye mkataba kabla hatujazungumza habari ya maua.